Mshale huvunjikia wapi? Kutoka wano la mti hadi wano la kaboni

Kiswahili hakijawahi kukosa maneno ya mshale. Kijiti chake ni wano. Chuma cha mbele ni kigumba, na wengine husema chembe. Mfuko wa kuitilia mishale ni podo au ziaka. Kamba ya uta ni upote. Lakini hebu mwambie mwanafunzi wa kidato cha nne akutajie sehemu za mshale, uone. Atakuambia kuna mti, kuna ncha, basi. Pengine atakukumbusha ule mshale mdogo unaorandaranda kwenye skrini ya kompyuta. Usimlaumu. Neno hukaa mdomoni pale kitu chake kinapokaa mkononi, na mishale ilitutoka mikononi zamani, kwa sababu nitakazozieleza.

Kinachonifanya niyarudie maneno haya leo ni mjadala unaoendelea mbali nasi, kwao Wamarekani. Huko kuwinda kwa uta ni halali katika majimbo yote, na kila mwaka ukifika msimu, mamilioni ya watu huingia msituni kumtafuta kulungu. Mishale yao mingi siku hizi ina wano la kaboni. Wengi hutia mbele yake kigumba ambacho wembe zake hukaa zimekunjwa mshale ukiwa angani, kisha hukunjuka unapompiga mnyama. Swali wanalobishania ni hili: je, wano hilo la kaboni linadumu likifungwa kigumba cha namna hiyo? Litatumika mara ngapi kabla ya kupasuka?

Unaweza kusema, yanatuhusu nini hayo? Yanatuhusu kwa njia mbili. Kwanza, hilo ni swali kongwe mno katika historia ya silaha hii, na limejibiwa kwa namna tofauti katika kila zama. Pili, mojawapo ya majibu bora kabisa lilitoka hapa kwetu, katika nyika iliyo kati ya mto Galana na vilima vya Taita, na waliolitoa tukawafunga jela.

Tuanze mwanzo. Katika pango la Sibudu, jimbo la KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, wanaakiolojia walipata vipande vya mawe vyenye umri wa miaka 64,000 hivi. Walipovichunguza waliona mabaki ya damu, ya mifupa na ya gundi iliyotokana na mimea, na wakahitimisha kwamba huenda vilikuwa vigumba vya mishale. Miti yake ilikwisha kuoza zamani. Kwa hiyo historia ya kigumba tunaipata kwa urahisi, ila historia ya wano inatubidi tuitafute mahali penye ukavu mkubwa, barafu au matope yasiyopitisha hewa.

Mahali pamoja ni Stellmoor, karibu na Hamburg, Ujerumani. Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia palichimbuliwa mishale kama mia moja ya mti wa msonobari, yenye umri unaozidi miaka 10,000. Mingine haikuwa kijiti kimoja. Ilikuwa na wano refu la nyuma na kipande kifupi cha mbele kilichochomekwa. Mishale hiyo ikateketea katika vita hivyo, ila michoro na maelezo yake yalisalia. Mahali pengine ni kwenye milima ya Alps, mpakani mwa Austria na Italia. Mwaka 1991 ulionekana huko mwili wa mwanamume aliyekufa miaka 5,300 hivi iliyopita, ambaye dunia imempa jina la Ötzi. Podo lake lilikuwa na mawano 14, na mawili tu kati yake ndiyo yaliyokwisha kukamilishwa kuwa mishale. Wamisri wa kale nao walitumia matete kwa wano na mti mgumu kwa kipande cha mbele.

Kwa nini mataifa yasiyojuana yakaungana katika wazo moja la kugawa mshale vipande viwili? Jibu limo katika kazi tunayoitwika wano. Likiwa juu ya upote, twataka liwe jepesi ili liende kasi. Likiachiliwa, husukumwa kwa nyuma kwa ghafla hata likapinda kama nyoka. Kwa hiyo twataka liwe na unyumbufu wa kiasi, si mwingi wala haba. Likifika, kigumba husimama au hupunguza mwendo ghafla huku mkia ukiendelea kusukuma. Hapo twataka liwe gumu mbele lisipasuke. Jepesi, nyumbufu, gumu. Hakuna kijiti kimoja cha porini chenye sifa zote tatu. Tete ni jepesi na limenyooka, lakini likigonga mfupa hupasuka. Mti mgumu haupasuki, lakini ni mzito. Basi wakachukua tete nyuma na mti mgumu mbele. Kipande hicho cha mbele mimi nitakiita wano la mbele, kwa kukosa neno lililozoeleka.

Waingereza walilikabili tatizo lilo hilo kwa njia nyingine. Meli ya kivita Mary Rose ilizama mwaka 1545, na ilipoinuliwa mwaka 1982 ilikuwa imehifadhi mishale zaidi ya 3,000, mingi yake ya mti wa popla, ambao ni mwepesi. Karne kadhaa baadaye, uta ulipokuwa mchezo wa mabwana na mabibi, mafundi wao walikuwa wakichonga wano la msonobari, kisha wanaunga mbele yake kipande cha mti mgumu, wakikipachika kama seremala anavyopachika kiungo cha mguu wa kiti. Mshale ulipopiga jiwe au ukingo wa shabaha, mti mgumu ndio uliopokea pigo. Zingatia ufundi huo wa kuimarisha mbele, maana tutakutana nao tena katika kaboni.

Sasa tuje nyumbani. Wakamba walisifika kwa uta tangu zamani, na Waata, ambao majirani waliwaita Waliangulu, walisifika zaidi kwa kuwinda ndovu. Waata ni watu wachache wenye lugha iliyo ndugu na Kioromo, walioishi nyuma ya pwani, ndani ya eneo ambalo leo ni mbuga ya Tsavo na kandokando yake. Uta wao ulikuwa mrefu na mgumu ajabu. Wageni waliojaribu kuuvuta walikuta unahitaji nguvu ya ratili zaidi ya 100, na wengi hawakuweza kuufikisha nusu. Lakini siri haikuwa katika nguvu peke yake. Siri ilikuwa katika muundo wa mshale.

Mbele palikuwa na kigumba cha chuma kwenye wano la mbele la mti. Shingo ya kigumba hicho ilipakwa sumu nyeusi iliyochemshwa kutoka mti ambao wanabotania huuita Acokanthera, kisha ikavishwa utepe wa ngozi laini ili sumu isikauke na isimdhuru mwenyewe. Wano hilo la mbele halikugandishwa kwa gundi. Lilichomekwa tu ndani ya wano kubwa. Mshale ulipomwingia mnyama naye akatimka, wano kubwa lilichomoka likaanguka chini, na kile kipande kifupi chenye sumu kikabaki mwilini. Mwindaji akaliokota wano lake, akalichomeka kipande kingine, akaendelea na safari. Kigumba nacho hakikupotea, maana mara nyingi kilichorwa alama ya mwenyewe; alipoangukia mnyama, alama ndiyo iliyoamua nyama ni ya nani.

Sumu yenyewe si hadithi. Mwanakemia Mfaransa Arnaud aliitenga kiini chake mwaka 1888, na jina la kisayansi la kiini hicho, ouabaini, limetokana na neno la Kisomali la mti huo. Madaktari wa Ulaya walikuja kuitumia kwa vipimo vidogo kutibu moyo, ule ule moyo ambao mshale uliusimamisha.

Tazama hekima iliyomo humo. Wano la Waata lilidumu kwa sababu lilipewa ruhusa ya kuachana. Fundi alijua mnyama akikimbia vichakani atauvunja mshale tu, apende asipende. Basi akaamua mwenyewe uvunjikie wapi, na akapafanya pale pavunjike bila hasara. Wahenga wetu walisema mshale kwenda msituni haukupotea, na sidhani walikuwa wakisema mafumbo matupu. Kwa mtu wa nyika wa aina hiyo, kauli hiyo ilikuwa habari ya kazi.

Tuvuke bahari tena. Mwaka 1911, huko Oroville, California, alijitokeza mwanamume mmoja wa kabila la Wayahi, wa mwisho wa watu wake. Wataalamu walimwita Ishi, neno lenye maana ya mtu kwa lugha yake. Kabla hajafa mwaka 1916 alimfundisha daktari wake, Saxton Pope, kuchonga uta na mishale. Pope akageuka mwindaji, akaandika kitabu mwaka 1923, na kitabu hicho kikaamsha uwindaji wa uta nchini Marekani. Mwaka 1925 yeye na mwenzake Arthur Young walifunga safari hadi Tanganyika, pamoja na mwandishi Stewart Edward White, kujaribu mishale yao juu ya simba. Walikuwa na mawano ya mti uitwao birchi na vigumba vipana vya chuma cha pua. Simba kadhaa waliuawa kwa mishale. Wengine ilibidi bunduki ya White imalize kazi. Inashangaza kidogo kwamba walikuja kufanya majaribio hayo katika nchi jirani na ya Wakamba na Waata, watu waliokwisha kuyafanya majaribio yao kwa karne nyingi.

Mti una aibu zake. Hunywa unyevu ukapinda, na hakuna miti miwili inayolingana sawasawa. Kijana wa California aliyeitwa James Douglas Easton, aliyeanza kutengeneza mishale ya mbao mwaka 1922, alichoshwa na jambo hilo. Mwaka 1939 akatoa mishale ya bomba la alumini. Sasa mishale kumi na miwili iliweza kufanana kwa uzito, unene na ugumu. Alumini nayo ilikuwa na kasoro, tena kasoro ya kiungwana: ikigonga vibaya hupinda, na kupinda kwake huonekana kwa macho. Unaweza kuinyoosha, au ukaitupa ukijua kwa nini umeitupa.

Kisha uta wenyewe ukabadilika. Mwaka 1966 Holless Wilbur Allen wa Missouri aliomba hataza ya uta wenye kapi kwenye ncha zake, zile gurudumu ambazo mabaharia wa pwani huzijua kwa jina la roda pia. Hataza hiyo ilitolewa mwaka 1969. Kapi humpa mpiga mshale nafuu anapokuwa amevuta hadi mwisho, huku zikihifadhi nguvu nyingi zaidi kwenye matawi ya uta. Mishale ikaanza kuruka kwa kasi ambayo mti haukuiota. Kila kasi ilipoongezeka, wano likadaiwa zaidi.

Hapo ndipo kaboni inapoingia. Nayo haikubuniwa kwa ajili ya mishale. Thomas Edison alipokuwa akitafuta uzi wa kuwakia ndani ya taa yake ya umeme, aliunguza pamba, na mwaka 1880 akaunguza nyuzi za mianzi, akapata nyuzi za kaboni. Zilikuwa dhaifu. Mwaka 1958, katika maabara ya kampuni ya Union Carbide karibu na Cleveland, Roger Bacon alipata nyuzi za kaboni zenye nguvu ya kushangaza. Muda si mrefu Akio Shindo wa Japani akapata njia ya kuzitoa katika plastiki, na Waingereza wa Farnborough wakaiboresha mwanzoni mwa miaka ya 1960. Nyuzi hizo zikifungamanishwa kwa gundi ya epoksi huwa nyepesi kuliko alumini na ngumu kuliko chuma cha uzito huo huo. Zikatumika kwenye ndege, kisha vijiti vya gofu na fimbo za kuvulia samaki, na hatimaye mishale. Mwaka 1983 kampuni ya Easton ilitoa wano la alumini lililovikwa kaboni, na mwaka 1984 likaonekana kwenye Olimpiki ya Los Angeles.

Mawano ya kwanza ya kaboni tupu yalikuwa na nyuzi zilizolala upande mmoja tu, kutoka kichwa hadi mkia. Msomaji aliyewahi kupasua kuni atafahamu mara moja. Ukuni hupasuka kwa kufuata nyuzi zake, na wano la namna hiyo nalo lilipasuka hivyo hivyo. Tena lilikuwa jembamba mno hata kigumba kikabidi kifungwe juu yake kwa nje. Katika miaka ya 1990 watengenezaji walibadili mtindo wakaanza kuviringisha shuka za kaboni, nyuzi nyingine zikienda urefu, nyingine zikizunguka au kukingama. Bomba likawa pana kidogo, na mbele yake kikatiwa ndani kipande kifupi cha alumini chenye tundu la skrubu, kikagandishwa kwa gundi. Kigumba kikawa kitu cha kufunga na kufungua kama balbu.

Miaka hiyo hiyo ya 1990 ndiyo iliyokipandisha kigumba cha kukunjuka. Wazo lake lilikuwapo kabla, lakini kasi ya uta wa kapi ilikifanya kitamanike. Kigumba kipana kisichokunjwa kina mabapa kama mabawa, na mabawa hupenda kuongoza. Mshale ukitoka vibaya kidogo, upepo hushika mabapa hayo ukaupeleka kando. Basi watu wakakunja wembe, wakazishika kwa kipete cha mpira, plastiki au springi. Kigumba kikaruka kama ncha ya mazoezi, na kilipofika wembe zikafunguka kufikia upana wa sentimita 5 hivi, wakati mwingine zaidi. Jeraha likawa kubwa, damu nyingi, na nyayo za mnyama rahisi kufuatwa.

Hakuna cha bure lakini. Chukua mshale wa gramu 26 unaokwenda mita 85 kwa sekunde, yaani kilomita 306 kwa saa. Nishati yake ni jouli 94 hivi. Nishati hiyo ndiyo mtaji wote. Kigumba kisichokunjwa huutumia wote katika kukata. Kigumba cha kukunjuka hutumia sehemu yake kufungua wembe kwanza, kisha hudaiwa kukata njia pana zaidi. Matokeo ni kwamba mshale hukutana na ukinzani mwingi mbele, papo hapo, huku nyuma ukisukumwa bado. Mkandamizo huo wote hupita katika sehemu fupi ya wano iliyo nyuma ya kile kipande cha alumini.

Ikiwa mshale umempiga mnyama wima, kaboni hustahimili vyema, kwa maana nyuzi zake ziko tayari kubeba mzigo wa kutoka ncha hadi ncha. Taabu huja mshale unapoingia kwa mshazari. Wembe mmoja hugusa kabla ya mwenzake, ukafunguka peke yake, ukashika. Mbele husukumwa kando ilhali mkia unaendelea mbele. Wano hupindwa kama mtu anayevunja muwa gotini. Au wembe hushika ubavu wa mnyama, naye akageuka mbio na mshale ukiwa nusu ndani, nusu nje. Katika hali hiyo kaboni haipindi ikabaki imepinda kama alumini. Ama inarudi kunyooka, ama inakatika. Na mara nyingi hukatikia mahali pamoja: pale kipande cha alumini kinapoishia na bomba tupu linapoanza, kwa sababu hapo ugumu hubadilika ghafla. Mara nyingine bomba halikatiki bali ukingo wake wa mbele hupasuka na kuchanua kwa kusukumwa na kipande hicho, au gundi ikaachia, kigumba kikabaki ndani na wano likatoka nje.

Kwa hiyo jibu la ule ubishi wa Wamarekani si la ndiyo au la. Wembe wa kukunjuka huharibika upesi, wakati mwingine kwa pigo moja, na wenye kuuza vigumba hivyo huuza wembe za akiba. Wano la kaboni laweza kuishi mapigo mengi. Kinacholitisha zaidi ni jeraha lisiloonekana. Alumini hukuambia imeumia. Kaboni hunyamaza. Nyufa hukaa ndani, kati ya shuka na shuka, na nje rangi ikang'aa kama ya dukani. Mshale wa namna hiyo ukirushwa tena kwa uta wa kapi unaweza kupasuka ukiwa bado kwenye upote na vibanzi vyake vikaingia mkononi mwa mpigaji. Ndiyo maana watengenezaji huonya kwamba kila wano lipindwe kwa mikono na kukaguliwa kabla ya kurushwa. Wenye uzoefu hulipinda kila upande huku wakitega sikio: likilia kama kijiti kikavu, basi limekwisha. Wengine huburura kipande cha pamba juu yake. Pamba ikinasa, pana nyuzi zilizokatika.

Na unajua dawa waliyoipata wengi? Huvisha ukingo wa mbele wa wano pete fupi ya alumini au chuma cha pua, ili pigo ligawanywe na bomba lisipasuke. Yaani wamemrudia yule fundi Mwingereza aliyeunga mti mgumu mbele ya msonobari. Wengine wameongeza uzito wa mbele na kurudia kigumba kisichokunjwa. Mmarekani Ed Ashby, aliyefanya majaribio mengi juu ya wanyama wakubwa, yakiwamo yale ya Natal, Afrika Kusini, katika miaka ya 1980, alishikilia kwamba kitu cha kwanza katika mshale wa kuwindia ni kutovunjika. Mshale uliovunjika hauendi popote, hata kama kigumba chake ni kikali namna gani.

Jambo hili si la pesa tu. Wano likikatika kabla ya kigumba kufika moyoni au mapafuni, mnyama huenda na jeraha akafie asikopatikana, au asife akaishi na maumivu. Na vibanzi vya kaboni vikibaki katika nyama, vitaliwa na watu, kwa hiyo mwenye nyama hutakiwa akate na kutupa sehemu yote iliyozunguka mahali wano lilipovunjikia. Si ajabu kwamba kwa miaka mingi majimbo kama Idaho na Oregon yalikataza vigumba vya kukunjuka.

Sasa rudi nami Tsavo. Mbuga hiyo ilitangazwa mwaka 1948, juu ya ardhi ambayo Waata walikuwa wakiwinda. Kilichokuwa riziki jana kikawa ujangili leo. Ni kweli kwamba pembe nyingi za ndovu zilikuwa zikiishia mikononi mwa wafanyabiashara wa pwani, na idadi ya ndovu waliouawa haikuwa ya mchezo. Sidai kwamba ndovu waachwe wauawe. Lakini katika operesheni kubwa ya 1956 na 1957, waliokamatwa na kutiwa ndani walikuwa wenye uta, na wenye fedha wengi wao wakabaki katika maduka yao. Mwaka 1960 ulianzishwa mpango wa Galana, uliokusudiwa kuwapa Waata njia halali ya kuishi kwa wanyama. Haukuwafikisha mbali. Mwaka 1977 serikali ya Kenya ikapiga marufuku uwindaji wote, na marufuku hiyo ipo hadi leo.

Naiunga mkono sheria hiyo, lakini nina neno na tulichokitupa pamoja na uta. Tuliwakamata watu tukaichoma mishale yao kama ushahidi uliokwisha kazi, bila kumwuliza fundi: hili wano la mbele waliitaje? Ule utepe wa ngozi una jina gani? Shimo la kuchomekea je? Kila kimojawapo kilikuwa na neno katika Kiwaata, katika Kikamba, katika Kigiriama. Wagikuyu wana ũta kama sisi tulivyo na uta, na Waganda wana akasaale, ndugu wa dhahiri wa mshale wetu. Msamiati huu wote ulikuwa mali ya jirani, na Kiswahili kimezoea kukopa kwa jirani. Leo wazee waliochomeka wano la mbele kwa mikono yao wamebaki wachache, na hakuna sheria inayokataza kuwauliza.

Wanafunzi wangu huniambia Kiswahili hakiwezi kueleza teknolojia mpya. Mimi nimeeleza hapa kaboni, epoksi, uta wa kapi na kigumba cha kukunjuka, na kilichonitatiza hakikuwa kipya. Kilichonitatiza ni kile cha kale, wano la mbele, ambacho mababu walikitengeneza na sisi tukakiachia kijiendee bila jina. Ningependa wenzangu wa vyuo vya pwani na wa Ukambani, na walimu wenye wazee majumbani mwao, walitafute neno hilo kabla ya mwaka huu kwisha. Likipatikana, ninaliachia kwa hiari hili langu la kubandika.